Milango Miwili, Baraza Moja

Baba mkwe wangu alinipigia simu Jumanne moja mchana, nikiwa ofisini naandika taarifa ya chanjo ya kuku. Tulisalimiana kama inavyotakiwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za mwanawe, habari za mjini, habari za kazi. Nami nikamuuliza habari za mbuzi, habari za alizeti, habari za upepo, maana mwezi ule upepo wa kwetu huwa unaezua mabati. Kisha akakohoa, akasema, "Mama, huyu mbwa wa hapa ana shida ya mkojo."

Ananiita mama kwa sababu hana jina jingine la kuniita. Wake wengine walioolewa ukoo ule wanaitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi kijiji kizima cha Kinyangiri kinaniita daktari, ingawa ni afisa mifugo tu wa ngazi ya stashahada, na yeye ananiita mama, basi.

"Shida gani, baba?"

"Anakunywa maji sana. Ndoo anaimaliza. Halafu anakojoa ovyo, hata hapa mlangoni, na hakuwa na tabia hiyo."

"Anakula?"

"Kidogo."

"Pua ikoje?"

"Imekauka."

Yalibaki maswali mawili. Alipata joto lini mara ya mwisho? Na je, kuna kitu kinachomtoka huko nyuma, usaha au majimaji yenye harufu? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua maswali hayo. Angekuwa mfugaji mwingine yeyote wa Mkalama ningemuuliza huku natafuna karanga. Lakini huyu alikuwa baba yake mume wangu, na mkwe wa kike hamtajii baba mkwe wake kitu chochote kilicho chini ya kitovu, kiwe cha mtu au cha mnyama. Mbuzi wake mmoja aliwahi kukwama kuzaa nikiwa pale kwa matembezi. Mzee aliondoka zizini, akamtuma jirani aje asimame nami, yeye akaenda kukaa mbali huko kwenye majani ya alizeti mpaka aliposikia kitoto kinalia.

Kwa hiyo kati yetu neno mkojo lilikuwa ndilo la mwisho kabisa. Ukivuka hapo umekosa adabu. Nilimwambia nitamtumia vidonge kwa basi la kesho yake, nikamwandikia kondakta namba ya simu juu ya bahasha, nikarudi kwenye kuku wangu. Nilikuwa nimetibu kibofu cha mbwa ambaye sikumwona, kwa neno ambalo wote wawili tulijua ni neno la kujifichia.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa mama mkwe. Alimtoa Sekenke, kwa dada yake aliyekuwa akipikia ugali wachimbaji wa dhahabu, akaja naye kwenye kikapu akiwa hajafungua macho vizuri. Miaka mitatu baadaye mama mkwe akafariki, wakamzika nyuma ya nyumba, na mbwa akabaki kwa mzee. Alikuwa wa rangi ya vumbi, mwembamba, sikio moja limekatika, na kelele zake zilitosha kijiji. Fisi walikuwa wakifika mpaka kwenye mashimo ya udongo nje ya kijiji, wakimsikia wanageuka. Mzee aliongea naye Kinyiramba kutwa nzima. Mimi nilizaliwa Utemini, kule mjini, na lugha yao naisikia nusu, lakini nilisikia ya kutosha kujua kwamba anamweleza mambo ambayo hatuelezi sisi.

Mume wangu alikuwa ameshatangaza msimamo wake. Mzee ana miaka zaidi ya sabini na tano, anaishi peke yake na mbuzi kumi na tisa, magoti yameisha. Walibishana Krismasi nzima. Mwishowe mzee akasema, "Huyu mbwa akiwepo, mimi na mbuzi wangu hatuna shida." Mume wangu akamjibu, "Haya, baba. Siku mbwa akiondoka, mbuzi tunawauza na wewe unakuja Utemini." Walipeana mikono, wakicheka, mimi nikiwa naondoa vyombo. Lakini yule mzee hakucheka kwa macho. Pale nyuma ya nyumba kuna kaburi la mkewe na pembeni yake ameshaonyesha mahali pake. Kumtoa Kinyangiri ni kumuua kwa mwendo wa polepole, na mimi nilijua, na dawa ya kumbakiza pale ilikuwa mbwa yule.

Wacha nieleze mbwa jike alivyo ndani, kwa sababu kosa langu limekaa humo humo.

Chuoni mwalimu wetu wa anatomia alichora herufi Y ubaoni akasema hiki ndicho kizazi cha mbwa. Pembe mbili ndefu, watoto wanajipanga humo kama watu kwenye benchi la zahanati. Juu kabisa ya kila pembe, karibu na figo, kuna ovari moja, imefichwa ndani ya kifuko cha mafuta, unaitafuta kwa vidole. Pembe zinakutana kwenye mwili mfupi, mwili unaishia kwenye shingo nene, shingo inafunguka kwenye njia ya uzazi. Chini ya hayo yote kimelala kibofu. Mrija wa mkojo unatoka kwenye kibofu unakwenda nyuma, na hauna mlango wake wa nje. Unatokea sakafuni mwa njia ile ile. "Milango miwili, baraza moja," mwalimu alisema, akagonga ubao kwa chaki. "Ukikuta uchafu barazani usiseme umetoka chumba gani mpaka umefungua vyumba."

Mwenzetu mmoja akauliza kama jike naye ana tezi dume, maana redioni siku hizo walikuwa wakiitangaza kila asubuhi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema dume ana tezi hiyo moja tu ya maana, na inamtesa uzeeni. Jike hana, lakini ana tezi nyingi ndogo kuliko unavyoweza kuhesabu, zimetapakaa kwenye ukuta wa ndani wa kizazi. Joto likiisha zinavimba na kuanza kutoa maji ya kulisha mimba. Mwanamke, mimba isipoingia, ukuta ule unabomoka na kutoka, mwezi ujao unaanza upya. Mbwa siyo hivyo. Yeye awe amepandwa au hajapandwa, tezi zinaandaa chakula kwa miezi miwili mizima. Mara ya kwanza bure, mara ya pili bure, mara ya saba bure. Kila mara zinabaki zimevimba zaidi kidogo kuliko mwanzo, mpaka siku moja vijidudu vinapanda kutoka nje, vinakuta mahali pana joto, pana chakula, na shingo imefungwa. Kizazi kinajaa usaha. Sumu ikifika kwenye figo, mnyama anaanza kunywa maji kama kichaa na kukojoa ovyo.

Niliandika yote hayo kwenye daftari kwa kalamu ya bluu. Nilipata A.

Na nani aliyemshauri mzee amfungie mbwa kwenye ghala tupu kila anapopata joto? Mimi. Au tuseme, nilimshauri mama mkwe, akiwa hai, naye akampa mumewe utaratibu. Nilikuwa nimechoka kuona watoto wa mbwa wakitupwa kwenye korongo. Nilijiona mstaarabu. Miaka sita yule jike alifungiwa mara mbili kwa mwaka, madume wakilia nje, na tezi zake zikaandaa chakula cha watoto ambao mimi nilikataza wasiwepo. Ningeweza kushauri atolewe kizazi. Pale mjini yupo daktari anayefanya upasuaji huo, anakulaza mbwa asubuhi unamchukua jioni. Ila ningelisemaje hilo ndani ya nyumba ile?

Hapa ndipo pagumu, na nikishapasema nitakuwa nimemaliza kujificha. Mimi nilitolewa kizazi nikiwa na miaka thelathini na minne. Uvimbe. Ulikuwa umeota mpaka daktari akasema hakuna cha kuokoa. Lugha yetu imekifanya kiungo kile na watoto na wajukuu kuwa neno moja, kwa hiyo walipokitoa changu, ukoo wa mume wangu ulisikia kwamba kimetolewa kitu kikubwa zaidi ya kile kilichowekwa kwenye beseni. Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Waliliondoa neno. Kanisani mchungaji akisoma kizazi hata kizazi, naona mabega ya mashemeji zangu yanakaza. Wanawake wakiongea uzazi jikoni, nikiingia wanahamia kwenye bei ya mafuta ya alizeti. Miaka tisa sasa nimezungukwa na adabu kama mgonjwa wa kuambukiza.

Jumatatu iliyofuata mzee akapiga tena. Alisema vidonge vilisaidia siku mbili, mbwa akala ugali na dagaa, halafu akaacha. Sasa anatapika. Tumbo limekuwa kubwa.

"Kubwa namna gani, baba?"

Akafikiri. "Kama anayetarajia," akasema, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba hata hilo limemgharimu.

 Anatarajia nini, na alifungiwa? Nilimpigia yule daktari wa upasuaji palepale. Aliniambia kama ni kile tunachofikiri wote wawili, nimlete leo, kesho haina maana. Niliomba ruhusa, nikachukua begi langu, nikapanda gari la kwanza. Njia nzima nilihesabu siku. Jumanne hadi Jumatatu. Siku sita. Siku sita kwa kibofu ni usumbufu, kwa kizazi kilichojaa ni hukumu.

Nilifika saa tisa. Mbwa alikuwa amelala ubavu kivulini mwa ghala, ulimi umekuwa mweupe. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye, akimfukuzia nzi kwa kitambaa. Nilimpa shikamoo, nikapiga goti. Fizi zilikuwa baridi. Nilipoweka kiganja tumboni nilizigusa pembe zote mbili, zimejaa, zinateleza chini ya ngozi.

"Baba, naomba maji ya kunawa."

Akaelewa. Akaondoka. Nikainua mkia haraka kama mwizi. Pakavu. Safi kabisa. Shingo ilikuwa imefunga na kila kitu kimebaki ndani. Nilimpigia kijana wa bodaboda aje na kreti, nikamtundikia mbwa dripu ya maji, nikampigia tena daktari wa mjini nikamwambia tunakuja. Mzee alirudi na jagi la maji, akanimiminia nikanawa, akauliza kama atapona. Nilimwambia tunamkimbiza mjini. Akainama, akamwambia mbwa maneno kwa Kinyiramba, mengi, kwa sauti ya chini. Mbwa alipiga mkia chini mara moja. Pikipiki ilipokuwa inapanda kutoka barabarani, alikuwa ameshakufa.

Mzee hakulia. Alikunja kile kitambaa cha nzi mara mbili, mara nne, akakitia mfukoni.

Nilimwambia nataka kumpasua. Nilijitetea kwamba ni kazi, kwamba lazima tujue kama kuna ugonjwa utakaohamia kwa mbuzi. Uongo. Nilitaka kujua kama ni mimi. Mzee alikubali kwa kichwa. Tulimbeba nyuma ya zizi, nikatandika gunia la alizeti. Nilitegemea aende zake mbali kama siku ile ya mbuzi. Hakwenda. Alisimama hatua tano kutoka kwangu, amenipa mgongo, mikono nyuma, anatazama mlima.

Nikafungua. Kibofu kilikuwa pale chini, kidogo, laini, chenye rangi ya maziwa, saizi ya yai la kanga. Hakikuwa na kosa lolote. Juu yake, kimejaza tumbo lote na kusukuma utumbo pembeni, kilikuwepo kile nilichokijua tangu kivulini mwa ghala, tangu kwenye gari, na kama nitasema kweli, tangu Jumanne ya kwanza. Pembe zote mbili nene kama mkono wangu. Niligusa moja kwa ncha ya kisu, ikatoka kama uji wa ulezi. Harufu yake naijua mpaka leo, inanifuata nikipika.

"Ni ule ugonjwa wa mkojo?" mzee aliuliza, bado amenipa mgongo.

"Siyo mkojo, baba."

"Ni nini?"

Nilijaribu kutafuta neno la pembeni. Tumbo. Sehemu za ndani. Nikaona upuuzi gani huu, mbwa amekufa kwa maneno ya pembeni.

"Ni kizazi," nikasema.

Upepo ulikuwa unapiga bati la ghala. 

"Nilijua," akasema. "Kabla sijakupigia, kama siku nne, alikuwa anatoka usaha. Anajilamba, unatoka tena, mpaka baadaye ukakata. Mbuzi nimefuga tangu nina meno ya utotoni, harufu ile naijua. Nikachukua simu. Halafu nikafikiri, huyu mtoto wa watu nitamtajia vipi kitu hicho, na yeye alivyopatwa. Nikasema nitamwambia mkojo. Yeye amesoma, atauliza mwenyewe."

Nilikuwa nimepiga magoti, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Nilisema, "Na mimi niliona aibu kukuuliza, baba."

"Basi," akasema.

 Nilimshona, sijui kwa nini, hakuna anayemshona mbwa aliyekufa. Nilitumia uzi mzuri. Tulimzika nje ya ua wakati jua linashuka, mzee akichimba kwa jembe la mkono na kupumzika kila baada ya mapigo matatu, na hakukubali nimpokee.

Mume wangu alikuja nami wiki ya pili yake. Alikuwa mpole, hakumkumbusha baba yake makubaliano, na hakuhitaji kukumbusha. Siku nne baada ya msiba wa mbwa fisi walikuwa wameshachukua mbuzi wawili, mmoja ana mimba. Waliobaki walipakiwa kwenye lori la mtu wa mnadani, wakilia. Mzee alihesabu mpaka wa mwisho kisha akageuka, akaanza kuwaelekeza vijana jinsi ya kukifungua kitanda chake ili kipite mlangoni.

Nilikuwa nakunja mablanketi barazani aliponifuata. Mume wangu alikuwa garini, anafunga kamba. Mzee alisimama karibu kuliko anavyosimamaga nami, akiwa na kofuli mkononi.

"Mama," akasema. "Na wewe. Kile chako. Uliumwa muda gani kabla hujasema?"

Katika miaka tisa hakuna mtu wa nyumba ile aliyeniuliza. Nililikunjua blanketi nililokuwa nimelikunja, nikaanza kulikunja upya.

"Miaka miwili, baba. Damu nyingi."

"Miaka miwili." Alitikisa kichwa. "Ungesema mapema wangeokoa?"

"Daktari alisema wangeokoa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Nilisema. Hilo ndilo jibu. Nilisema mwezi wa tatu tu tangu ianze, jikoni kwake, ndani ya nyumba hii hii, nikamwambia mkewe. Akanishika mkono akanitoa nje, akaniambia damu ya mwanamke haitajwi kwenye mji wa wanaume, nisije nikamtajia mume wangu, nisije nikaenda hospitali watu wakajua kwamba mke wa mwanawe ana kasoro. Akanipa mizizi nichemshe. Alinipenda, ninaamini hivyo. Kila nilipokuja alinipa mizizi mingine, na mimi, mwenye cheti na A ya anatomia, nilikunywa.

Mzee alikuwa ananisubiri. Nyuma ya bega lake niliona kona ya kaburi, saruji yake imepasuka kidogo, na nafasi ile pembeni yake ambayo sasa sijui kama ataipata.

"Sikujua kama ni ugonjwa, baba," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mjinga asiye na makosa.

"Na kusoma kote kule," akasema, akageuka kufunga mlango.